Msaada wa Mzee

Juzi nilimtukana mwenyekiti wa kamati ya maji mbele ya kijiji kizima, tena kwa kipaza sauti. Mgeni wetu, mchimba visima kutoka Uingereza, alikuwa anaaga. Akasema msaada wa mzee ulikuwa ‘invaluable’. Mimi mkalimani, ujira wangu soda na nauli, nikasikia ‘value’, yaani thamani, na mbele yake ‘in’ ileile ya ‘incorrect’. Nikatangaza: “Msaada wa mzee haukuwa na thamani!” Mgeni akapiga makofi, peke yake. Mzee akavaa kofia, akasema, “Ahsante, mwanangu,” akaondoka na mbuzi wake aliyekuwa achinjwe kwa ajili ya sherehe.

Lawama siipokei. Waulizwe wenye ‘in’ yao. Waliitoa Kilatini, na ni kiambishi chenye adabu: mbele ya l huwa ‘il’, ‘illegal’, mbele ya p huwa ‘im’, ‘impossible’, mbele ya r huwa ‘ir’, ‘irregular’. Hapo naivulia kofia, maana hata n yetu hujigeuza hivyo tukasema nyumba mbaya. Balaa ni kwamba Kilatini kina ‘in’ mbili. Moja hukanusha, nyingine huingiza ndani. Ndiyo maana pipa lililoandikwa ‘inflammable’ linawaka vizuri kabisa. Miaka ya 1920 wataalamu wa kinga ya moto Marekani walianza kuhimiza liandikwe ‘flammable’, wasije watu wakaungua kwa kuamini sarufi. Na ile ya mzee? Inakanusha kweli, ila haigusi thamani. Inakanusha uwezo wa kuikadiria! Mkia ‘less’ nao ni hivyohivyo: kilicho ‘priceless’ hufungiwa kabatini kwenye makumbusho, kilicho ‘worthless’ hutupwa jalalani.

Barua niliyomsifia bosi kuwa ‘shameless’, nikimaanisha hana doa, tuiache.

Lakini mimi ni mtu mzima, nitamtafutia mzee mbuzi wa kumwomba radhi, yaishe. Wanaoumizwa kweli na Kiingereza ni wanafunzi. Watoto wengi wa Tanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari karibu kila somo linageuka Kiingereza. Mtoto anayeujua usanisinuru tangu jani hadi mzizi anaangushwa na ‘except’ moja iliyojibanza mwishoni mwa swali, halafu cheti kinasema hajui baiolojia. Huo ni uonevu. Watunga mitihani, mkitaka kumpima mtoto baiolojia, mwulizeni kwa lugha anayoielewa.