Yah: Maombi ya Mashine Inayojua Majina ya Watu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Serikali Mtandao,
Dodoma.

Husika na somo tajwa hapo juu.

Habari zimefika hadi Lulindi, wilayani Masasi, kwamba akili mnemba inakuja kuharakisha makaratasi ya Serikali. Wakulima wamezipokea kwa furaha. Baadhi yao wameshatoa kopi nne za kila kitu, kwa mazoea.

Kwamba jambo hili linawezekana, hawabishi. Mahakama ya Tanzania imekwisha kuleta mfumo wa akili mnemba wa kunukuu na kutafsiri yanayosemwa mahakamani, kwa kushirikiana na kampuni ya Almawave ya Italia, ili hakimu apumzishe mkono uliozoea kuandika kila neno la shahidi. Na tangu mfumo wa malipo wa GePG uanze, anayedaiwa na Serikali hupata namba ya malipo kwenye simu kabla hajamaliza kuuliza anadaiwa nini. Kasi ipo, Lulindi wameiona kwa macho. Wanaomba tu ifanye kazi hata pale inapodaiwa Serikali yenyewe.

Novemba 2018 ilidaiwa. Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi, JWTZ, yakaingia barabarani kuzisomba. Malori yalikwenda vizuri. Kilichokwama ni uhakiki: mwenye zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa kwanza aonyeshe shamba lake, ijulikane kama ni mkulima kweli au ni mtu wa kangomba aliyenunua korosho za wenzake kwa bei ya njaa. Mwaka ukageuka, watu wakiwa bado wanasubiri. Mikorosho, ambayo ndiyo ilikuwa shahidi pekee asiyeweza kuhongwa, ilitembelewa kwa zamu.

Basi mashine na ije. Ila wataalamu watakaoifundisha wajue watakutana na nini.

Huku mvulana huingia jando na jina moja akatoka na jingine, na lile la utotoni hapendi tena kuitwa nalo. Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi iliyoanzishwa 1926, hakulipiga jando marufuku. Alilitafutia nafasi ndani ya Kanisa la Anglikana. Matokeo yake zipo familia ambamo mtu ana jina la nyumbani, la jando na la ubatizo, na yote ni yake kihalali. Kwa Waislamu nako mambo si mepesi zaidi: kwenye daftari la chama cha msingi mzee ni Hasani, benki ni Hassan, na kwenye kitambulisho cha Taifa ni Asani, kwa sababu mwandikishaji aliandika alivyosikia. Karani wa chama hicho, ambaye pengine aliwahi kufukuzwa na mzee huyo huyo kwa kuiba mabibo, anaona mtu mmoja. Mashine itaona watu watatu, na wawili kati yao itawaweka kwenye fungu la kangomba.

Halafu vidole. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ambao tarehe yake ya mwisho ilisogezwa kutoka Desemba 31, 2019 hadi Januari 20, 2020, uliwatangulizia wengi somo hili. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Mama aliyebangua kwa mkono miaka yote hiyo, na jembe halijamwacha, ana vidole laini kama kioo. Akiviweka kwenye kifaa, kifaa kinamjibu hayupo. Ajabu ni kwamba kadiri mtu alivyoitumikia korosho, ndivyo inavyokuwa vigumu kuthibitisha kwamba yeye ni mkulima wa korosho.

Isisemwe kwamba hii ni hofu ya kishamba. Uholanzi, nchi ambayo umeme haukatiki kila mvua ikinyesha, mamlaka ya kodi iliachia kompyuta iisaidie kupanga nani ashukiwe katika posho za malezi ya watoto. Maelfu ya wazazi waliitwa matapeli na kudaiwa fedha wasizokuwa nazo. Wenye uraia wa nchi mbili walitiliwa shaka zaidi. Januari 2021 serikali nzima ilijiuzulu. Kompyuta haikujiuzulu.

Kuhusu gharama, Mamlaka isisite. Mkoa wa Mtwara umeshatoa mchango wake: gesi ya Mnazi Bay husafiri kwa bomba mamia ya kilomita hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Ikiwa mashine hiyo itawekwa huko, itakuwa inalishwa na watu wa kusini, na si vibaya ikiwasalimia.

Wakulima wanaomba mambo matatu tu. Mashine ijaribiwe kwanza Lulindi wakati wa masika, wakati mtandao unapatikana chini ya mwembe mmoja. Ikisema hapana, iseme na sababu, kwa Kiswahili cha mtu aliyelelewa. Na ofisi ya mtendaji wa kata ibaki na kiti kimoja chenye mtu, ambaye mzee Hasani anaweza kumkaripia.

La mwisho lina msingi wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamruhusu mwananchi kutaka uamuzi wenye athari kubwa kwake usifanywe na mitambo peke yake. Sharti lake ni kufuata utaratibu uliowekwa, yaani kuomba. Mamlaka inaombwa ieleze kama ombi hilo litapokelewa na mtu, na kama jina la mwombaji liandikwe Hasani, Hassan au Asani.

K.n.y. Wakulima walio kwenye foleni,
Lulindi.

Nakala: Mtendaji wa Kata (kwa mkono, mtandao ukiwa haupo).