Ngeli za Mashabiki wa Browns

Mswahili akisikia neno drafti huona ubao wa miraba, vizibo vya soda badala ya kete, na wazee wawili wanaojibizana kwa kukohoa. Drafti ya makala haya ni nyingine, ingawa nayo watu huliwa. Kila Aprili klabu 32 za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, hupokezana kuchagua vijana wanaotoka vyuo vikuu. Raundi ni 7, na klabu iliyoburuza mkia msimu uliopita ndiyo hutangulia. Kijana mwenyewe haulizwi anapenda kwenda wapi. Kwa aliyezoea usajili wa Simba na Yanga, ambako mwenye fedha ndiye hutangulia, utaratibu huu ni kama harusi ambayo sahani ya kwanza ya pilau hupewa aliyechelewa kuliko wote.

Ubishi wa drafti upo katika kila mji wenye timu, lakini mtafiti makini huenda Cleveland, jimbo la Ohio, kando ya Ziwa Erie, ambako umestawi kama magugu maji. Timu ya huko, Browns, ilitwaa ubingwa mara ya mwisho mwaka 1964. Baada ya msimu wa 1995 mwenye timu aliihamishia Baltimore. Ikaanzishwa upya 1999, na tangu hapo imekuwa ya kwanza kuchagua mara 4: 1999, 2000, 2017 na 2018. Mashabiki wake wengine huenda uwanjani wamevaa vinyago vya mbwa na hubweka. Data ipo ya kutosha.

Waliotangulia kuandika juu ya suala hili waligawa mashabiki mafungu mawili: wanaotaka kwotabeki na wanaotaka kitu kingine. Huo ni uvivu. Lugha yetu ina ngeli, na sioni kwa nini ziishie darasani.

Tuanze na A-WA, ngeli ya mtu. Shabiki wa ngeli hii anaamini timu inapungukiwa na mtu mmoja tu, naye ni kwotabeki, yule anayepokea mpira mwanzo wa tukio na kuamua ampe nani, amrushie nani, au akimbie mwenyewe. Umoja wake ni mkombozi, na wingi wake ni janga. Mwaka 1999 alikuwa Tim Couch. Kwa miaka kadhaa jezi yake namba 2 ilivalishwa sanamu lililosimama kwenye dirisha la ofisi moja katikati ya jiji. Kila kwotabeki mpya alipoanza mechi, jina lake liliandikwa kwenye utepe wa gundi likabandikwa mgongoni mwa ile jezi, chini ya waliomtangulia. Majina yalishuka na uti wa mgongo mpaka mtazamaji akaanza kujiuliza kama sanamu nalo litahitaji suruali. Hadi 2025 idadi ya makwotabeki walioanza mechi tangu 1999 ilikuwa imevuka 40.

Ndani ya ngeli hii kuna muujiza wa kihesabu ambao wanazuoni hawajaupa uzito unaostahili. Brady Quinn, kwotabeki, alichaguliwa 2007 akiwa wa 22. Brandon Weeden, kwotabeki, 2012, wa 22. Johnny Manziel, kwotabeki, 2014, wa 22. Weeden alikuwa na umri wa miaka 28, ametokea kwenye besiboli. Manziel alidumu misimu miwili. Hakuna kanuni yoyote ya NFL inayosema kwamba nafasi ya 22 Browns wachague kwotabeki atakayewaliza; walifika hapo kwa juhudi zao wenyewe. Mwaka 2025 walibadili mbinu, wakachagua wawili katika drafti moja: Dillon Gabriel raundi ya 3 na Shedeur Sanders raundi ya 5. Wana-A-WA waliokuwa wakigombana tangu Januari juu ya kwotabeki yupi achukuliwe walijikuta wote wameshinda, na hawakufurahi.

KI-VI ni ngeli ya kiganja, kimo na vipimo. Kabla ya drafti vijana huitwa Indianapolis, wakapimwa uzito, urefu, mbio za yadi 40, na kiganja kikiwa kimetanuliwa kuanzia kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Manziel alipopimwa 2014 alipungukiwa robo ya inchi kufikia futi 6. Juu ya robo ile watu wazima wenye watoto na mikopo ya nyumba walinyimana salamu. Baadaye yalipomfika ya kumfika, kundi la robo ya inchi lilidai ushindi, ingawa kilichomtoa kwenye ligi hakikuwa na uhusiano wowote na rula.

Ngeli ninayoipenda, nakiri, ni LI-YA, ngeli ya majitu. Hawa hawataki nyota. Wanataka jitu la kilo 140 lisimame mbele ya kwotabeki na kuzuia watu, lisiguse mpira mwaka mzima, lisihojiwe na mtu. Hoja yao ina mfano mmoja, nao unatosha. Siku ile ile ya 2007 iliyomleta Quinn, Browns walianza kwa kumchagua Joe Thomas, wa 3. Wenzake walikuwa New York wamevaa suti mpya. Yeye alikuwa kwenye boti Ziwa Michigan, anavua samaki na baba yake. Baada ya hapo alicheza matukio 10,363 mfululizo bila kukosa hata moja, hadi msuli wa mkono ulipochanika 2017. Aliingizwa kwenye jumba la heshima la mchezo huo mwaka 2023. Katika misimu 11 hakucheza hata mechi moja ya mtoano. Wana-LI-YA humtaja kama ushahidi kwamba majitu ndiyo msingi wa timu. Wapinzani wao humtaja huyo huyo kama ushahidi kwamba hata ukipata jitu bora la kizazi kizima, bado utafungwa. Mtafiti hajui amwondoe vipi Thomas katika pande zote mbili.

I-ZI ni ngeli ya namba, chati na asilimia. Biblia yao ya kale ni jedwali lililotumiwa na Jimmy Johnson alipokuwa kocha wa Dallas, ambalo liliipa nafasi ya kwanza thamani ya pointi 3,000 na kuzishusha nyingine kwa mpangilio, ili kubadilishana nafasi kuwe kama kupima sukari. Biblia mpya ni kazi ya Cade Massey na Richard Thaler, yule aliyepata Nobeli ya uchumi 2017. Walikokotoa kwamba mchezaji aliyechaguliwa ana uwezekano wa asilimia 52 hivi wa kuwa bora kuliko anayemfuata katika nafasi ile ile ya uchezaji. Yaani sarafu, na chawa mmoja juu yake. Dawa yao: uza nafasi ya juu, ukusanye nyingi za chini.

Dawa hiyo Cleveland waliinywa chupa nzima. 2016 waliwauzia Philadelphia nafasi ya 2, wakamaliza msimu na ushindi 1 na vipigo 15. Msimu uliofuata, vipigo 16 bila ushindi. Januari 2018 mashabiki waliandamana kwenye theluji kuuzunguka uwanja, kuadhimisha msimu uliotimia. Haikupita mwezi, Philadelphia wakatwaa ubingwa.

PA-KU-MU, ngeli ya mahali, haina mengi: hao hubishana kuhusu pale, kule na mle, kusogea juu au kushuka. Jeraha lao ni moja. 2017 Browns waliachia nafasi ya 12, Houston wakamchukua kwotabeki Deshaun Watson. 2022 Browns wakawapa Houston nafasi 3 za raundi ya kwanza, pamoja na nyongeza, ili wampate Watson huyo huyo, kisha wakamwandikia mkataba wa dola milioni 230 zilizodhaminiwa zote.

Ipo pia KU, ngeli ya kufungwa. Hawa ifikapo Novemba huanza kuiombea timu yao kipigo ili ipande kwenye foleni. Babu yao wangemkuta Philadelphia: Bert Bell, mwenye Eagles, ndiye aliyebuni drafti, na ya kwanza, 1936, timu yake ikatangulia kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbovu. Ikamchagua Jay Berwanger. Berwanger hakucheza futiboli ya kulipwa hata siku moja.

Sasa ugumu. Shabiki mmoja hubadili ngeli mara tatu kabla bia haijaisha. Nilimsikiliza mzee mmoja kwenye baa ya upande wa magharibi wa jiji, ameketi na mpwa wake. Alianza na majitu, akahamia vipimo, akamalizia kwa kumsifu kwotabeki wa chuo fulani ambaye dakika tano nyuma alisema hafai kukabidhiwa hata baiskeli.

“Mjomba, si ulisema hatutaki kwotabeki?”

“Nilisema hatutaki wa mapema.”

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Nilikuwa nikitazama kiambishi, nikaiacha nomino. Nomino ni mwaka. Aliyeumia 1999 na aliyeumia 2017 wanaweza kutamka sentensi ile ile, “tuuze nafasi yetu,” na maana zikapishana kabisa: wa kwanza anaogopa kumpata mtu, wa pili ameshazoea kumkosa. Ukishaujua mwaka, upatanisho wote unakuja wenyewe. Mpwa, kwa mfano, alikuwa mtoto wakati wa yale maandamano ya theluji. Kwake nafasi ya juu ni mali ya kuuza, hajawahi kuiona ikiwa kitu kingine.

Nikamuuliza mzee angechagua wangapi na wa nafasi zipi. Akavuta kile kikaratasi kigumu kilichokuwa chini ya glasi, kimelowa pembeni, akakigeuza. Akaandika 3. Akaandika 22. Akaikata 22 mara mbili, kalamu ikatoboa, akaniomba kikaratasi changu.