Umefuata Nini Huku Juu?

Mzungu akipandisha Uluguru na fimbo zake mbili za chuma, watoto humsindikiza mpaka wachoke, akina mama hucheka kidogo, na habari yake huishia hapo. Anaeleweka: ni mtalii, kazi yake kutembea. Sasa jaribu wewe, Mswahili mwenzangu. Vaa raba, ning'iniza begi mgongoni, toka Boma uelekee Rock Garden bila jembe, bila tenga, bila hata mgonjwa wa kwenda kumjulia hali. Utahojiwa mpaka ujishuku mwenyewe.

Morogoro wameuita mji kasoro bahari, na kweli bahari tu ndiyo iliyokosekana. Ukishuka basi Msamvu, milima iko usoni pako. Lupanga, wenye mita 2,138, umeukalia mji kichwani. Jirani yake ni Bondwa, unaotambulika kwa minara ya mawasiliano, na kusini zaidi umesimama Kimhandu, unaopita mita 2,600. Wenye magoti mazuri huenda Kinole na Tegetero, upande wa mashariki wenye mvua nyingi, au huzungukia Mgeta kuyaona maporomoko ya Hululu. Sisi wenye magoti ya ofisini hufuata bonde la Mto Morogoro kutoka mjini, tukapita mashamba ya Choma, tukapumzika Morningside kwenye nyumba waliyoijenga Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na pumzi ikiwa ingalipo, tukajikokota mpaka Bondwa. Tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024, mtu wa Dar anaweza kunywa chai kwake na kuja kutokwa jasho huku siku hiyo hiyo. Ndiyo iliyoniponza.

Aliyeniongoza ni shemeji yangu, mwalimu anayekaa Kihonda, mtu mwenye kipaji cha kujibu swali kabla halijaisha. Mzee wa kwanza tulimkuta akipalilia maharage kando ya njia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mnakwenda wapi?"

"Tunapanda tu."

"Mnapanda nini, na mvua haijaja?"

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Ikabidi nieleze kwamba tunatembea, tunaangalia milima. Mzee akageuka akaitazama milima, kisha akanitazama mimi. "Si inaonekana hata huko mjini?" Nikakosa jibu. Akaegemea jembe, akaniuliza lile lililokuwa likimkereketa tangu aone begi langu: "Mama yako ni wa ukoo gani?"

Kwa Waluguru hilo si swali la kupitisha wakati. Ukoo hufuata mama, na ardhi ya ukoo hupita humo humo, hivyo mpwa anaweza kuwa na neno zito juu ya shamba la mjomba kuliko mtoto wa kuzaa. Mtu wa makamo anayezubaa pembezoni mwa shamba akisifia mandhari, kwa hesabu za mzee yule, alikuwa mpwa aliyepotea zamani na sasa amekuja kukagua urithi. Nilimtajia ukoo wa mama yangu, watu wa Songea. Akashusha pumzi, akatupa ndizi tuendelee na safari, tena akasisitiza tuendelee.

Mbele kidogo, kwenye kibanda cha chai, nikatoa daftari niandike jina la mti nililoambiwa. Kibanda kizima kikanyamaza. Siwalaumu. Kwenye milima hii mtu mwenye daftari hajawahi kuwa habari njema. Baada ya Vita vya Pili, serikali ya Waingereza ilipanda hivyo hivyo na mpango wake wa kulazimisha watu wachimbe matuta ya ngazi ili udongo usimomonyoke. Kwenye karatasi ulipendeza. Kwenye mteremko, jembe mkononi, ulikuwa kazi ya kuua mtu, na wenye mashamba hawakuona mavuno yakiongezeka kwa jasho lile. Mwaka 1955 Waluguru wakakataa, vurugu zikazuka huko Matombo, na mradi ukazikwa. Bibi mmoja aliyekuwa akimenya mihogo alinitazama daftari, akauliza kwa upole wa kutisha, "Mwanangu, unapima?"

"Hapana, bibi," akadakia shemeji. "Huyu mfanyabiashara. Ananunua ndizi."

Nyuso zikafunguka. Tukaletewa viti. Mtu anayenunua ndizi ana maana yake duniani. Nilitaka kukanusha, lakini chai ilikuwa ya tangawizi na ya moto, nikaona nikanushe nikishaimaliza.

Kumbe milimani habari haipandi kwa miguu. Mtu husimama ukingo huu akamwita mwenzake wa ng'ambo ya bonde, naye akampazia sauti wa juu yake, na wewe unayehema kwenye kona unakuta umaarufu wako umeshatangulia. Nilisikia sauti ikipita juu ya vichwa vyetu kwa Kiluguru, na ndani yake maneno niliyoyaelewa: Dar es Salaam.

Mahali pa kuvukia mto paliwekwa gogo. Watoto wa shule walilipita wakikimbia, mmoja akila muwa. Nusu ya kwanza ya gogo niliivuka kwa heshima. Nusu ya pili niliivuka nikiwa ndani ya maji. Shemeji anashikilia mpaka leo kwamba nilianguka vizuri. Kwa faida ya umma nieleze kwamba Mto Morogoro huingia Ngerengere, Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Ndugu zangu wa Kimara, kama wiki ile maji ya bomba yalikuwa na ladha ya soksi, mniwie radhi.

Maji yale yaliifungua gundi ya raba yangu ya kulia, raba ya mtumba niliyoapiwa kuwa imetengenezwa kwa ajili ya milima. Soli ikawa inapiga makofi kila hatua. Kijana mmoja akachana kamba ya mgomba, akaifunga raba kuanzia kisigino hadi vidole, akavuta fundo, akasema itafika. Alikuwa bado ameinama pale wakati mama tuliyepishana naye asubuhi, akishuka na mkungu kichwani, alipotutokea kwa nyuma. Alikuwa amefika sokoni, ameuza, amenunua sukari na sabuni, na sasa anarudi kwake, kandambili miguuni, akiongea na simu. Akaisogeza simu pembeni.

"Bado mpo?" akauliza, kwa huruma ya kweli.

Choma tulikuta mikungu imepangwa mstari kando ya njia, kila mmoja na mwenyewe nyuma yake. Mzuzu, kisukari, mkono wa tembo. Shemeji ghafla akavutiwa sana na mawingu. Nikasalimia mstari mzima, shikamoo kwa wakubwa na mambo kwa vijana, nikaahidi kwamba nitanunua nikishuka. Walikubali kirahisi mno. Baadaye nilielewa kwa nini: njia ya kushukia ni ile ile.

Juu ya Morningside mashamba yanakwisha na msitu unaanza. Ni hifadhi ya mazingira asilia, na kibali tulikuwa tumelipia. Humo mna ndege, vinyonga na vyura wasiopatikana kwingine kokote duniani, na wataalamu husafiri kutoka mbali sana kuja kuwatafuta. Mimi sikuona hata mmoja. Nadhani nao walishapata taarifa kwamba anakuja mnunuzi. Nilichokiona kwa ukaribu ni mizizi, kwa sababu nilikuwa nikiishika.

Kileleni Bondwa kulikuwa na ukungu. Sitaurefusha. Mji, bwawa la Mindu, reli, kila kitu nilichopandia kukiona kilikuwa nyuma ya ukungu, na mbele yangu kulikuwa na mnara. Mtandao, ndiyo, ulikuwa wa kutosha. Simu ikaita hapo hapo.

"Uko wapi?" akauliza mke wangu.

"Juu ya mlima."

"Umefuata nini?"

Nikamtazama shemeji, shemeji akautazama ukungu. "Nanunua ndizi," nikasema.

"Afadhali. Za huku zimepanda bei."

Basi nikanunua. Mkungu mmoja wa mzuzu, kutoka kwa bibi aliyekuwa amekaa mwisho wa mstari na ambaye sikuweza kumpita. Wengine wakaridhika, maana ahadi ni ahadi hata ikilipwa mahali pamoja. Wakanisukia ngata ya majani makavu, wakanitwika. Shemeji alikumbuka kwamba mgongo wake una historia.

Kutoka hapo hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi. Watu walinipisha njia. Pale kwenye gogo, watoto walinisubiri nivuke kwanza, ingawa nashuku walikuwa wanasubiri kuona. Mzee wa maharage alisimama akanipokea mkungu kwa mikono miwili, akaugeuza, akaubonyeza.

"Ehee! Sasa nakuelewa. Umeuchukua kwa shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Akamwita mkewe aje asikie na yeye.

Karibu na Rock Garden dada mmoja akanisimamisha, akauliza bei. Nikamtajia ile ile niliyonunulia, bila kuongeza hata senti, akaondoka bila kuaga. Akaja mwingine, mama wa makamo mwenye kikapu. Yeye aliuliza kwanza kama ni ndizi za Choma kweli. Nikamwambia nimezibeba mwenyewe kwa kichwa, kwa miguu, kutoka huko juu. Akanikagua polepole kuanzia kichwani, akateremka mpaka kwenye ile raba iliyofungwa kamba ya mgomba.

"Basi nipunguzie, baba," akasema. "Nauli si hukulipa?"