Sifa za Laini ya Simu Isiyo na Jina

Laini isiyo na jina ni jozi ya nyaya za shaba inayoingia ofisini, ikaungwa kwenye kibao cha ukutani, bila maandishi yoyote ya kueleza inatoka wapi, inakwenda kwa nani, wala nani anailipia. Makao yake ni majengo ya zamani: kijichumba chini ya ngazi au kando ya lifti, mlango haufungi sawasawa, na ndani yake mna mashine ya swichibodi, ufagio, ndoo na mamia ya nyaya zilizosukana. Watu wa ofisi huitaja kwa kuilaani, hasa Jumatatu asubuhi. Huko ni kuidhulumu. Katika vyote vilivyomo chumbani humo, yenyewe ndiyo pekee ambayo haijawahi kumdanganya mtu.

Sifa yake ya kwanza ni ukoo. Laini ya namna hii haizaliwi siku moja, wala hainunuliwi dukani. Hulelewa kwa miaka na mafundi wengi wasiofahamiana. Jengo la Dar es Salaam au Nairobi lililofungwa simu mwaka 1970 lilihudumiwa na Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikaunda shirika lake. Katika miaka ya 1990 mashirika hayo nayo yakagawanywa, posta ikaenda kwake na simu kwake: Tanzania ikapata TTCL, na Kenya ikapata Telkom Kenya mwaka 1999. Kila zama zilikuja na mafundi wake, daftari lake na namna yake ya kuandika, na kila fundi aliamini kwamba ajaye baada yake angeelewa alichokusudia. Kisanduku kimoja cha ukutani chaweza kubeba kazi ya zama hizo zote. Nyumba ya makumbusho ingeweka kioo mbele yake na kutoza kiingilio.

Historia ya simu yenyewe iko upande wake. Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu mwaka 1876, na Januari 1878 swichibodi ya kwanza ya biashara ikafunguliwa mjini New Haven, Marekani, ikiwa na wateja 21. Hakuna aliyekuwa na namba. Mpigaji alimtajia opereta jina la anayemtaka, opereta akachomeka waya panapostahili kwa kuwa alijua. Mwaka 1879, mjini Lowell katika jimbo la Massachusetts, ukazuka ugonjwa wa surua. Daktari Moses Greeley Parker akahofu kwamba maopereta wachache waliokuwapo wakiugua kwa pamoja, wageni watakaoshika nafasi zao hawatajua waya upi ni wa nani, akashauri wateja wapewe namba. Namba ya simu basi, pamoja na majivuno yake yote kwenye kadi za biashara, ni mtoto wa hofu ya surua. Kisha akaja Almon Strowger, mwenye biashara ya mazishi wa Kansas City, anayesimuliwa kwamba alishuku maopereta wanampelekea mshindani wake wateja. Alipata hataza ya mtambo wa kuunganisha simu bila opereta mwaka 1891, na mwaka uliofuata mtambo wa namna hiyo ukaanza kazi mjini La Porte, Indiana. Tangu hapo mtu wa mwisho aliyejua laini zote kwa moyo alianza kuondolewa, na laini isiyo na jina ikapata nafasi ya kustawi.

Mbali na ukoo, inayo haiba ya umeme. Mkonga wa simu ukiwa umewekwa chini, kati ya nyaya mbili za laini itokayo kituo cha simu kuna takriban volti 48 za mkondo mnyoofu. Upande wake hasi ndio unaobebeshwa laini, ili shaba isiliwe upesi na kutu. Mkonga ukiinuliwa volti hushuka hadi chini ya kumi hivi, kwa kuwa sasa mkondo unapita. Simu ikiita, kituo hutuma mkondo geu wa volti zinazokaribia 90, ukipigapiga mara 20 hadi 25 kwa sekunde. Fundi mwenye mazoea ya kumenya waya kwa meno hujifunza habari hii siku ambayo mtu fulani, mahali fulani, anaamua kupiga namba hiyo. Ni salamu ya laini kwa mwenye haraka. Na kwa kuwa umeme huo hutoka kwenye betri za kituo cha simu, laini hiyo huendelea kuwa hai hata jengo zima likiwa gizani, wakati vifaa vyote vyenye vibandiko maridadi vimezimika.

Ukweli wake ndio unaostahili kusifiwa kuliko yote, na hauonekani vizuri mpaka uwekwe kando ya laini yenye kibandiko. Kibandiko kinasema “Mhasibu”. Mhasibu alihamia ghorofa ya tatu zamani. Chumba chake kikawa stoo ya karatasi, kisha kikapewa mwanasheria, kisha kikagawanywa kwa ubao mwembamba, na waya ukabaki upande usio na mlango. Kibandiko hakijui. Kinaendelea kusema “Mhasibu” kwa uhakika ule ule, na mgeni anayekiamini anapoteza nusu siku. Kuna vibao vya Krone, vile vinavyobeba jozi kumi kila kimoja: vingine huhesabu kutoka 1, vingine kutoka 0. Fundi aliyezoea kuanza na 1 akikuta kibao kinachoanza na 0, orodha yake yote inasogea jozi moja, na ofisi nzima inakuwa na majina ya majirani. Kibandiko kisichokuwapo hakiwezi kufanya hivyo. Aliye mbele ya waya mtupu anajua kwamba hajui, akaanza kazi akiwa na akili timamu.

Kwa hakika hata kusema kwamba haina jina ni kuipunguzia heshima. Katika kebo nyingi za jozi 25, jozi hutambulishwa kwa rangi: rangi tano za kundi, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano na zambarau, kila moja ikioanishwa na bluu, chungwa, kijani, kahawia na kijivu. Tano mara tano. Kila jozi ina pacha wa rangi wasiofanana na wengine, na jina hilo limepakwa kiwandani. Halichujuki wala halihamishwi ofisi. Linalokosekana ni cheo cha kibinadamu tu.

Namna za kuitambua zimekuwa sanaa kamili. Iliyo bora ni kumuuliza mama wa swichibodi, aliyekaa mapokezi tangu mashine iletwe. Yeye hutambua laini kwa taa inayowaka, kwa saa inayoita, hata kwa tabia ya anayepiga. Ujuzi huo haukuandikwa popote, na siku ya kustaafu kwake hupewa saa ya ukutani na hotuba, akapanda daladala nao.

Baada ya hapo hubaki kuiuliza laini yenyewe. Fundi hubana vishikizo vya simu yake ya majaribio kwenye jozi, husikiliza mlio, kisha hupiga namba ya simu yake ya mkononi, na namba ya laini hujitokeza kwenye kioo. Nchini Uingereza ipo 17070, namba inayomsomea fundi namba ya laini aliyoshika. Katika jaribio hili laini huonyesha ucheshi wake. Ikiwa mlio unatoka kwenye mashine ya ofisi na si kituo cha simu, itabidi abonyeze 9, au tarakimu nyingine ya kutokea nje, ndipo apate mlio wa pili; hapo atajua ameshika laini ya ndani. Akipiga kupitia mashine hiyo, kinachojitokeza mara nyingi ni namba kuu ya ofisi, kwa sababu mashine imeagizwa kuficha nyingine zote nyuma yake. Akigeuza mambo na kupiga kutoka nje, huenda laini zimeunganishwa ziwe kundi moja, ya kwanza ikiwa na mtu simu inarukia ya pili, kisha ya tatu. Hivyo atapiga namba moja na kusikia nyingine ikiita. Kinachobaki ni kwenda mahali laini inapoingilia jengoni, aitenge na mashine, ajaribu hapo. Mafundi wavivu huishia kwenye meza ya mapokezi na huandika orodha safi isiyo na ukweli.

Wenye vifaa hutumia kitoa mlio na kichunguzi. Kimoja hutuma sauti ya kupandashuka kwenye jozi upande mmoja wa jengo, kingine hupitishwa juu ya nyaya upande wa pili mpaka kiimbe. Bell aliziweka nyaya mbili katika msokoto mwaka 1881 ili sauti ya jozi isivuje kwa jirani, lakini katika kebo iliyozeeka uvujaji haukosi, na kichunguzi huimba juu ya jozi tano kwa furaha ile ile. Fundi mjuzi hugusanisha nyaya mbili za jozi anayoishuku. Mlio ukizimika pote, ndiyo yenyewe. Ni njia safi, na ndiyo inayopaswa kufundishwa kwanza.

Inayofundishwa kwanza, hata hivyo, ni kuchomoa waya na kusubiri nani atapiga kelele. Njia hii ina mashabiki wengi kwa kuwa haihitaji kifaa, na huwatoa viti vyao hata wakurugenzi ambao hawajawahi kushuka ghorofa ya chini. Udhaifu wake ni kwamba si kila laini ina mtu wa kuilalamikia. Faksi ya idara fulani hutumika mwisho wa mwezi. Mashine ya kadi ya duka la chini itakataa kadi za wateja, na mwenye duka atailaumu benki. Laini ya king'ora husema usiku wa wizi tu, na ile ya lifti husema pale mtu aliyenaswa kati ya ghorofa anapobonyeza kitufe. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa laini hizi mbili za mwisho utani unakoma: jozi isiyojulikana haichomolewi kabla lifti na king'ora havijajaribiwa kwa mkono, na mlinzi kuambiwa.

Chombo cha mwisho ni ankara, ambacho mafundi hukidharau na wahasibu hawajui kuwa wanacho. Ankara ya mwezi huorodhesha kila namba inayolipiwa. Ikilinganishwa na kibao, huibua namba ambazo hakuna simu inayoziitikia. Tangu simu za mkononi zilipoenea, meza nyingi zimepoteza simu zake bila mtu kukumbuka kuandika barua ya kufuta laini, na ofisi imeendelea kulipa kwa uaminifu kwa ajili ya chumba ambacho sasa ni jiko la chai. Ni sadaka ya kila mwezi isiyotangazwa, na laini huipokea bila kujivuna.

Wapo wanaodhani simu za intaneti zimeimaliza nasaba hii. Simu hizo huja na anwani ya tarakimu na herufi 12 iliyochapwa tumboni, na nyingi hujitambulisha zenyewe kwa swichi ya mtandao. Lakini swichi hujua tundu lake tu. Tundu la ukutani alilochomeka mtumishi, na njia ya kebo kutoka hapo hadi kwenye kabati, hurithi hadhi yote ya jozi ya shaba, na kitoa mlio hutolewa tena mkobani.

Anayeng'ang'ania kuweka majina huandika ncha zote mbili za waya, huandika namba ya tundu badala ya jina la mtu, na hunakili vyote katika daftari linalofungwa kwa uzi pale pale chumbani, kwa kuwa lililopelekwa masijala halirudi. Kibandiko cha karatasi ya joto hufifia, cha wino wa peni huyeyuka kwa unyevu wa pwani, na gundi huachia. Kilichochapwa kwenye plastiki na kuzungushiwa waya hudumu zaidi. Kazi yote ikikamilika hubaki jozi chache zisizo na volti, zisizo na mlio, zisizo kwenye ankara. Hizo hazikatwi. Hukunjwa na kufungwa kando ziwe akiba, na jozi ya lifti itakapoliwa na kutu, fundi atahamishia lifti kwenye mojawapo, atajaribu kitufe, atafunga kisanduku na kuondoka, kalamu ikiwa mfukoni.