Heko, Kitufe Kibovu

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kitufe kibovu cha kulipia katika maduka ya mtandaoni kimetukanwa vya kutosha: na wateja, na wenye maduka, na hata mafundi waliokiunda. Leo nasimama upande wake. Nadai, bila kupepesa macho, kwamba mfuko wa mtu wa zama hizi hauna mlinzi mwaminifu kuliko hicho.

Kitazame kikiwa kazini. Umeshatia kikapuni viatu, kofia na blenda ambayo asubuhi hukujua kama unaihitaji. Unabofya "Endelea". Kitufe kibovu hakikubali kirahisi. Kwanza kinataka ufungue akaunti. Kisha kinadai nywila yenye herufi kubwa, tarakimu na alama ya ajabu ajabu. Kisha anwani: mtaa, namba ya nyumba, msimbo wa posta, na jimbo, ambalo sharti ulichague katika orodha inayoanzia Alabama. Nawe unakaa Kayole, Nairobi, na anwani yako ni "shuka stejini, ulizia duka la dawa, geti la bluu". Unajaza 00100 kwa kuwa ndiyo namba unayoikumbuka. Kisanduku kinageuka chekundu. Ukivuka hapo, ndipo ada ya usafirishaji inapojitokeza, nayo inaishinda bei ya kofia. Mwishowe unangoja ujumbe wa kuweka PIN; unapofika, ukurasa umeshatangaza kuwa muda umekwisha. Unaweka simu chini. Ghafla kofia zilizoko nyumbani zinatosha.

Taasisi ya Baymard ya Denmark, ambayo kazi yake ni kuchunguza kurasa hizi, inakadiria kwamba takriban vikapu 7 kati ya 10 vya mtandaoni huachwa bila kulipiwa. Wafanyabiashara wanaiita hasara. Mimi naiita akiba. Ni chama gani cha kuweka na kukopa kilichowahi kumwekea mtu akiba huku akikilaani?

Thamani ya mlinzi huyu huonekana anapofukuzwa kazi. Mwaka 2009 Jared Spool, mtaalamu wa Marekani wa usanifu wa tovuti, alisimulia habari za duka moja kubwa la mtandaoni lililowalazimisha wateja kujisajili kabla ya kulipa. Wageni walikataa, wenyeji walikuwa wamesahau nywila zao. Wasanifu wakaondoa kitufe cha "Jisajili", wakaweka cha "Endelea". Mauzo ya mwaka uliofuata, kwa maelezo yake, yalipanda kwa dola milioni 300. Watu walishangilia. Hakuna aliyeuliza fedha hizo zilikuwa wapi awali. Zilikuwa mifukoni mwa watu, zikilindwa na kitufe kimoja kilichochukiwa.

Amazon nayo, Mola ailipe kwa jema hili, ilitusaidia bila kukusudia. Septemba 1999 ilipewa hataza ya Marekani ya kununua kwa mbofyo mmoja, na mwezi uliofuata ikawashtaki wauza vitabu Barnes & Noble kwa kuiga. Apple iliona heri ilipie kibali. Hivyo, mpaka hataza hiyo ilipoisha mwaka 2017, sheria ya Marekani ilimzuia mshindani yeyote kuwafilisi wateja kwa mbofyo mmoja bila ruhusa. Wengine walibaki na mibofyo miwili, mitatu, na katikati ya mibofyo ndimo akili humrudia mtu.

Kitufe kizuri kina hila kiasi kwamba Ujerumani, tangu Agosti 2012, inakilazimisha kiandikwe wazi kuwa ukikibofya utalipa. Katika Umoja wa Ulaya mzima sharti kama hilo lilianza kutumika mwaka 2014. Kitufe kibovu hakihitaji kuandikiwa onyo. Nani amewahi kununua kitu kwacho kwa bahati mbaya?

Wala msidhani matajiri wa mtandaoni hawaujui uwezo wa ubovu. Wanaujua, ila wameuhamishia mlango wa kutokea. Mwaka 2023 tume ya Marekani inayolinda wateja ilidai mahakamani kwamba kujiunga na Prime, uanachama wa kulipia wa Amazon, kulikuwa rahisi mno, na kujiondoa kukawa safari ya kurasa na maswali ambayo wenyewe, ndani ya kampuni, waliipa jina la utenzi mrefu wa vita vya Wagiriki, Iliad. Mwaka 2025 kampuni ilikubali kumaliza kesi kwa dola bilioni 2.5. Kitufe kibovu kikiwa mlangoni pa kuingilia kinamlinda mteja. Kikiwekwa mlangoni pa kutokea kinamfunga.

Kwa hiyo, enyi mafundi wa maduka ya mtandaoni, kiacheni kitufe kibovu mahali pake. Msikipake rangi ya kung'aa, msikipunguzie maswali. Nawe msomaji, kikikugomea tena mwisho wa mwezi, usikitukane. Kishukuru, funga ukurasa, ukalipe kodi ya nyumba.