Redio Haina Kosa, Muulize Waya

Kuna watu wa mjini wanaoamini kwamba simu ya upepo ilizikwa siku simu ya mkononi ilipoingia nchini. Hao hawajawahi kutoka Iringa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ukishaipita Tungamalenga mtandao unaanza kukuaga kwa adabu, na mbele yako kuna pori la takriban kilomita za mraba 20,000. Gari likizama mchangani huko, simu yako ya bei mbaya inabaki kuwa tochi. Au panda kutoka Chimala kwenda Matamba kwa barabara ambayo watu wameiita Hamsini na Saba kwa ajili ya kona zake: kona hii mtandao upo, kona ile haupo, na anayekupigia anaambulia salamu tu. Ndiyo maana magari mengi ya hifadhi, ya polisi, ya misheni na ya mashirika huku Nyanda za Juu Kusini bado yana kile kiboksi cheusi chini ya dashibodi, na kipaza sauti chenye waya wa kujikunja. Wenyewe tunakiita redio koli.

Mimi si fundi. Nilikuwa karani wa usafiri katika shirika ambalo litabaki bila jina, na magari yetu yalikuwa yakizunguka kati ya Iringa na Mbeya. Kazi yangu ilikuwa kujaza daftari la mafuta, kugombana na madereva juu ya daftari hilo, na kusimama karibu na fundi gari likiwa gereji, ili lililoingia na kipuri kipya lisitoke na cha zamani. Kusimama karibu na fundi ni shule. Mimi nilihitimu na jambo moja: redio yenyewe haifi ovyo. Kinachokufa ni kile kinachoiunganisha na gari, na hicho hufungwa na binadamu.

Tena redio ya gari si jambo la jana. Polisi wa Detroit, Marekani, walifanikiwa kuweka redio kwenye magari yao ya doria mwaka 1928, lakini zilikuwa za kusikiliza tu. Kituo kinaamuru, askari anasikia, hana pa kujibia. Mwaka 1933 ndipo polisi wa Bayonne, New Jersey, walipopata za kuzungumza pande zote mbili. Nilimsimulia bosi wetu habari hiyo. Akafikiri kidogo, akasema wale wa Detroit hawakupaswa kubadilisha kitu.

Lakini turudi gereji. Fundi waya wetu wa kwanza alikuwa na banda lake Mwanjelwa, Mbeya, na alikuwa na imani moja: umeme ni umeme. Aliletewa redio ya wati 25, mpya, ndani ya boksi lake, na waya mnene mwekundu na mweusi aliouweka mwenye kiwanda. Fundi akaukata ule waya mnene akauweka mfukoni (waya kama huo una soko), kisha akachukua umeme kwenye kiwashio cha sigara kwa waya mwembamba wa taa.

"Fundi," nikamwambia, "kitabu kinasema umeme utoke kwenye betri moja kwa moja."

"Kaka, hicho kitabu kimeandikwa Japani. Sisi tuko Mwanjelwa."

Redio ikawaka. Ikapokea sauti safi kabisa. Dereva akabonyeza ili ajibu, ikazima. Akaachia, ikawaka. Fundi akatoa hukumu: redio mbovu, iletwe nyingine. Ikaletwa nyingine, nayo ikawa mbovu vilevile. Sababu ilikuwa wazi kwa yeyote aliyekuwa tayari kusoma ukurasa mmoja wa kile kitabu. Redio inaposikiliza hula umeme kidogo sana, haifiki ampea moja. Ukibonyeza kuzungumza inadai ampea sita au zaidi, papo hapo, na waya mwembamba hauna uwezo huo. Volti zinaishia njiani. Juu ya hayo, waya wa hasi alikuwa ameufunga kwenye boliti yenye rangi ya kiwandani, rangi nzuri inayong'aa na isiyopitisha umeme. Ilitakiwa ikwanguliwe mpaka chuma kionekane. Fundi alikataa kukwangua, akasema anaheshimu mali ya watu.

Gari la pili alikubali kwenda betrini, na hapo ndipo tulipopata kisa cha Kitonga.

Mtu aliyewahi kupita mlima Kitonga anajua kwamba pale pananuka. Malori yanayoteremka yananuka breki, yanayopanda yananuka klachi, na abiria wa miaka yote wamezoea kuziba pua na kuendelea na stori. Gari letu lilikuwa linapanda kutoka Ruaha Mbuyuni, limebeba mama mhasibu wetu na gunia la vitunguu alilolinunua pale chini. Harufu ikaanza. Dereva akasema ni lori la mbele. Lori la mbele likapitwa, harufu ikabaki. Akasema basi ni lile la nyuma.

"Baba," akasema mama mhasibu kwa upole, "mbona leo Kitonga inanukia ndani ya gari?"

Moshi ulikuwa unatoka kati ya miguu ya dereva. Akasimama, akafungua boneti, akataka spana ya kufungulia betri. Spana ilikuwa chini ya kiti cha nyuma, na juu ya kiti cha nyuma kulikuwa na vitunguu. Kwa wanaopenda kujua mama mhasibu alifanya nini kwanza, aliokoa vitunguu.

Walipofuata ule waya wakakuta kwamba fundi alitoboa ukuta wa injini akaupitisha mtupu, bila ile pete ya raba inayokaa kwenye tundu. Bati likausugua kila gari lilipotikisika, plastiki ikaisha, shaba ikagusa bodi. Fyuzi ilikuwepo, tena nzuri, ila aliifunga kule mwisho, nyuma ya redio, mahali ambapo ni rahisi kufikia. Kipande chote kutoka betrini hadi pale hakikuwa na mlinzi. Betri inayoamsha injini ya dizeli asubuhi ya baridi ya Makambako haishindwi kuchoma waya na zulia lililo juu yake. Kazi ya fyuzi ya betrini ni kuulinda waya, si redio, kwa hiyo inakaa shubiri moja tu kutoka kwenye betri. Na ikikatika inawekwa nyingine ya kiwango kilekile. Nimeshuhudia fyuzi iliyokatika ikivishwa karatasi ya pakiti ya sigara na kurudishwa kazini kwa heshima zote. Penye wazee haliharibiki jambo. Penye karatasi ya sigara huharibika gari zima.

Kuhusu antena, nitasema machache kwa kuwa bado yananiuma. Shirika lilikuwa na Land Rover Defender, na fundi mwingine, huyu wa Iringa, kijana, akaja na antena ya sumaku. Hakuna kutoboa, akasema, unaibandika juu basi. Akaibandika. Ikateleza. Akafuta vumbi, akabandika tena, ikateleza upande wa pili. Paa la Defender ni alumini, na sumaku haina habari na alumini. Mtu mzima angeishia hapo. Yeye akaifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, gari likashuka Ipogolo na antena yake ikipunga mkono, na kabla ya kufika darajani ilikuwa inaburuzwa barabarani huku dereva akiendelea kuita kituo. Kutuma sauti bila antena ndiko kunakounguza redio, maana nguvu inayokosa pa kutokea inarudi ndani kwa yule aliyeituma. Redio ile ilipelekwa kwa matengenezo na haikurudi.

Kijana huyohuyo ndiye aliyetaka kutoboa sakafu ya nyuma ya Land Cruiser apitishe waya wa antena. Dereva akamuuliza chini ya sakafu pana nini. Akajibu, "Chini ni chini, mjomba." Dereva akalala chali, akaingia uvunguni, akatoka akiwa mtu wa sala. Pale palipowekwa alama ya kekee, chini yake palikuwa na tangi la mafuta.

Kisha kuna fundi wa kuchomelea. Antena ndefu ya masafa ya mbali hukaa mbele, kwenye ngao, na ngao ilihitaji kibano kipya. Akachomelea huku betri imefungwa na redio inawaka. Kwa kweli alikuwa anasikiliza maongezi yetu. Umeme wa kuchomelea hauchagui njia ya kurudia. Ulipita ulikopita, ukaondoka na redio pamoja na alteneta. Nilipomuuliza alinijibu kwa uchungu wa kweli: "Kaka, mimi nimechomelea chuma. Redio sikuigusa."

Lori letu lilikuwa na ugonjwa wa peke yake. Malori mengi ni ya volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizofungwa kwa mfuatano, na redio ni ya volti 12. Dawa yake ni kifaa cha kupunguza volti. Njia ya mkato ni kunyonya betri moja tu, na ndiyo iliyochaguliwa. Betri inayonyonywa inadhoofika, mwenzake anachajiwa kupita kiasi, na baada ya muda unazika zote mbili.

Lakini mkasa uliobadilisha maisha ya shirika haukuhusu umeme. Ulihusu ndoano ya senti chache, ile ya kutundikia kipaza sauti. Kwenye gari moja ilivunjika, ikaandikwa daftarini, ikasubiri bajeti. Kipaza sauti kikawa kinawekwa pembeni mwa kiti. Siku hiyo dereva mmoja mzee na afisa mmoja kijana walikuwa wanarudi Iringa, na begi likaegemea kitufe. Kuanzia Tanangozi mpaka Ipogolo walikuwa hewani bila kujua. Walianza na posho. Wakaja kwenye safari za bosi. Wakachambua uendeshaji wa bosi, kisha tumbo la bosi, mzee akieleza kwa utaratibu jinsi linavyokaa kati ya mtu na usukani. Pale ofisini dada wa redio aliwaita, "Gari namba tatu, Gari namba tatu," na haikusaidia chochote, kwa sababu redio inayotuma haisikii. Wala mwingine asingeweza kuwasiliana. Kama kungekuwa na ajali Mafinga, tungeijua kesho yake. Bosi alivuta kiti.

Redio nyingi zinaweza kupangwa zijikate zenyewe mtu akibonyeza kupita muda fulani, dakika moja kwa mfano. Nilipendekeza tufanye hivyo. Madereva walipinga: kwa salamu za Kihehe dakika moja inaishia kwenye "kamwene" na habari za watoto, ujumbe wenyewe utasemwa saa ngapi? Bosi naye alipinga. Alisema zibaki hivyohivyo. Wiki hiyo madereva walinunua ndoano mpya za magari yote kwa fedha zao, bila hati wala risiti.

Mwishowe tulimpata mzee mmoja pale Iringa, aliyewahi kufungia redio magari ya misheni. Huyo alikuwa mpole na ghali. Kabla ya lolote alifungua waya wa hasi wa betri, wa kwanza kabisa, ili spana ikigusa bodi pasitokee cheche. Alikwangua rangi akapaka grisi. Hakukubali kuweka redio karibu na mahali unapofumukia mfuko wa hewa, kwa sababu mfuko ule ukifumuka utamrushia dereva redio usoni. Waya wa antena aliuacha ulegee kidogo chini kabla haujaingia ndani, maji ya mvua ya Mbeya yadondokee nje. Akimaliza anawasha injini, anabonyeza kipaza sauti na kutazama taa, waipa na saa za dashibodi, aone kama kuna kinachoshtuka. Kila gari likirudi kutoka Ruaha alikaza upya kila skrubu, kwani zile barabara za vumbi hufungua chochote kilichofungwa. Madereva waliokuwa wakienda Chunya aliwausia wasibonyeze kitu karibu na machimbo panapolipuliwa baruti, maana fataki za umeme zinaweza kuitikia wito usiozihusu. Ankara yake ilikuwa mara mbili ya wenzake. Mama mhasibu aliisaini bila kuisoma, na nina hakika alikuwa anawaza vitunguu.

Shirika lile limeshafunga ofisi, na magari yake yaliuzwa kwa mnada, kama yanavyouzwa ya mashirika mengine kila mwaka. Redio nyingi ziling'olewa haraka haraka. Nyaya ziliachwa, nyingine zikiwa bado zimeshika betri upande mmoja na upande wa pili zimelala chini ya zulia. Ukinunua gari la namna hiyo, usianze na rangi wala tairi. Fungua boneti, shika kila waya unaotoka kwenye chanya ya betri, ufuate mpaka uone mwisho wake, na usiokuwa na kazi uufungue. Na ukiikuta redio imebaki ndani, usifurahi ukaanza kuita watu: masafa yale yana mwenyewe, na leseni yako inaombwa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, ambao kwa huku Nyanda za Juu Kusini ofisi ya kanda wanayo Mbeya.