Mwongozo wa Nahodha Mwenye Fataki za Mwaka Juzi

Kwanza ondoa wasiwasi. Fataki za ishara zilizomo botini mwako hazikununuliwa ili ziwake. Zilinunuliwa ili mkaguzi azione, atikise kichwa, agonge mhuri, na boti ishuke majini na wageni wake. Kazi hiyo zimekwisha kuifanya. Sasa tarehe imepita, na kuna watu wa roho nyepesi wanaokuhimiza ununue mpya. Usiwasikilize, nisikilize mimi.

Anza kwa kuitafuta hiyo tarehe. Imepigwa chapa ubavuni mwa mrija, karibu na vipicha vya mtu anayevuta kamba. Watengenezaji wengi huipa fataki miaka mitatu hivi. Marekani huhesabu miezi 42 tangu ilipotengenezwa, na ikishapita unaruhusiwa kubaki nayo kama akiba, ila haihesabiki. Dawa ni kitambaa na mafuta ya taa. Sugua taratibu kila Ijumaa hadi maandishi yafifie. Fataki isiyo na tarehe itapitwaje na muda?

Kuhusu kuhifadhi, vitabu vinataka mahali pakavu, pasipo joto, ndani ya kasha lisiloingiza maji. Wewe zitie chini ya benchi la nyuma, kati ya dumu la petroli na kamba ya nanga, pale maji ya ngama yanapofika boti ikilala upande. Ndani ya fataki nyekundu mna unga wa magnesiamu, na chumvi ya strontiamu ndiyo inayoupa moto wekundu wake. Unyevu ukipenya, magnesiamu huliwa kimyakimya kama msumari wa jahazi unavyoliwa na kutu, na kiwashio nacho hupoteza nguvu. Mrija kwa nje unabaki ule ule, mwekundu, unang'aa. Hapo ndipo uzuri wa mambo ulipo: mkaguzi haoni, abiria haoni, na wewe huoni.

Atatokea mjuaji bandarini akuambie aliwahi kuvuta fataki iliyokaa miaka sita na ikawaka vizuri kabisa. Mwamini. Nyingi zilizopitwa na muda huwaka kweli, baadhi kwa mwanga hafifu, baadhi kama mpya. Ila ile iliyothibitisha uzima wake imekwisha kuwa majivu, haiwezi kukusaidia tena, wala haiwezi kuwadhamini wenzake waliobaki kisandukuni. Wao ushahidi wao watautoa usiku ule utakaowahitaji.

Na usiku huo ukifika? Injini imezima, mkondo unakuvuta nje, taa za Unguja zinazidi kuwa ndogo. Roketi ya parachuti iliyo nzima hupanda mita 300 na kuwaka sekunde 40. Ya mkononi huwaka dakika moja. Moshi wa rangi ya chungwa, ambao ni wa mchana, hutoka kwa dakika tatu. Kisanduku chenye roketi mbili, za mkononi mbili na moshi mmoja hakikupi hata dakika saba za kuonekana, tena zote zikikubali. Wenye kisomo husema ungoje hadi uone taa za chombo au usikie ndege, ndipo ufyatue. Wewe zimalize zote katika robo saa ya kwanza, bahari ikiwa tupu, ili roho itulie.

Ya mkononi hudondosha makaa yaliyoyeyuka, kwa hiyo watu waoga huishika nje ya boti, upande wa demani, mkono umenyooka. Wewe simama nayo juu ya lile dumu la petroli, abiria wote wapate mwanga. Ikigoma, chungulia ndani ya mrija. (Hapana, hapa naacha mzaha: iliyogoma inaweza kushika baadaye. Ielekeze nje ya boti, mbali na kila uso, kisha itupe majini.)

Abiria akinung'unika, mtajie Titanic. Usiku wa kuamkia Aprili 15, 1912, maofisa wa meli Californian waliona roketi nane nyeupe zikipasuka mbali. Wakamwarifu nahodha wao aliyekuwa amejilaza. Akauliza rangi zake. Opereta wa redio hakuamshwa hadi alfajiri. Basi, mwambie, hata fataki nzima haiokoi mtu! Akiwa hajaridhika, mkumbushe kwamba kanuni za kimataifa zinatambua pia kuinua na kushusha mikono taratibu kama ishara ya hatari. Mikono anayo, na haikupigwa tarehe.

Lililobaki ni namna ya kuziondoa. Ni baruti, hivyo hazitupwi baharini, jalalani wala chooni; zinapaswa kukabidhiwa kwa wenye idhini ya kuziharibu, na kuwapata ni safari nyingine. Ndiyo maana boti nyingi zimerithi fataki za nahodha aliyepita na za aliyemtangulia. Wenye haraka huzimaliza mkesha wa mwaka mpya, wekundu ukielea juu ya maji na watoto wakishangilia ufukweni. Boti ya uokoaji ikifika mbio, watu wamelowa na mataa yamewashwa, wakaribishe pilau kwanza. Faini mtaijadili baada ya kahawa.